Wachaguzi wa Mbegu za Vibuyu

Katika agroveti za miji ya Wote na Kitui, mbegu ya tango huchaguliwa kwa picha iliyo kwenye pakiti. Nyingi ni chotara: mkulima akizitunza mbegu za tunda lake na kuzipanda tena, mavuno hayatafanana na ya kwanza. Basi kila msimu hurudi dukani.

Kibuyu, ndugu wa tango, kilikuwa na wachaguzi wa namna nyingine. Huko Ukambani kazi hiyo ilikuwa ya akina mama, nayo ilianza tunda lingali shambani. Aliyetaka chombo cha maziwa alitazama tumbo na shingo. Aliyetaka kata ya maji alitafuta mkono wa kushikia. Aliyetaka nzele, bakuli la kibuyu, alitaka tunda pana lenye ganda nene, lisilovunjika likipasuliwa katikati. Lililopendeza kuliko yote halikuchumwa. Liliachwa hadi mmea ukauke wenyewe, likatikiswa, mbegu zikasikika zikicheza ndani; hapo ndipo msimu ujao ulipoamuliwa.

Na umbo peke yake halikutosha. Ua la kibuyu ni jeupe, hufunguka jua likizama, na nondo hulibebea chavua kutoka bustani hii hadi ile. Kibuyu kitamu kikichanganyika na kichungu, uzao wake waweza kuwa mchungu, na jicho halitauona uchungu huo. Mpishi wa matunda machanga alikata kipande kidogo, akakigusisha ulimi, na mmea uliomsaliti akaung'oa. Ujuzi wa ulimi ule haujaandikwa kwenye pakiti yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kikundi cha Wanawake cha Kyanika, Kitui, kilishirikiana na watafiti kukusanya mbegu za vibuyu pamoja na maarifa ya wenyeji kuhusu aina zake. Maarifa hayo ndiyo yaliyo adimu zaidi. Benki ya mbegu ya Muguga huweza kuhifadhi mbegu katika baridi miaka mingi. Sababu ya mama kuipenda hii na kuiacha ile haihifadhiki humo. Sababu ilikuwa matumizi, na mtungi wa plastiki ulipoingia jikoni, shingo nzuri ilikosa wa kuitamani.

Sheria ya Kenya nayo ilileta woga. Tangu 2012, kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuliweza kumfunga mkulima hadi miaka 2, au kumtoza faini ya hadi shilingi 1,000,000. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vilivyoweka adhabu hizo. Ni ushindi wa haki kabisa. Lakini mbegu ya kibuyu ikikaa nyumbani miaka mingi bila kupandwa hufa, na katika nyumba nyingi za Mwingi na Kibwezi miaka hiyo imekwisha kupita.