Tufaha la Ukutani

Katika darasa moja la sekondari wilayani Kilosa niliona picha ya makundi ya vyakula. Rangi zake zinapendeza. Lakini, ndugu msomaji, tufaha limekaa katikati na embe halimo. Mbaazi hazimo, dagaa hawamo, na mlenda ndiyo kabisa.

Mchoraji hakukosea elimu, alikosea mahali. Binti wa kidato cha pili, ambaye kwa hedhi yake anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake, anaitazama picha hiyo akiwa na njaa. Ametoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi tumboni. Saa nne mwenzake mwenye shilingi 200 atanunua muhogo wa kukaanga; yeye atakunywa maji. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, ila chakula cha shuleni kimebaki michango ya wazazi. Picha inamfundisha kuchagua, naye hana cha kuchagua.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai iliwakusanya watu kwa vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Nayo ilikuwa na maneno mengi, lakini angalau waliulizwa.

Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, nilimkuta kijana wa rika lile lile akiuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Nilimuuliza kama naye hula. Alicheka.

"Nikila moja, mzee, nimekula faida ya matatu."

Yai nalo limo pichani, tena limechorwa kubwa.