Boroni: Kuipima Bila Kuivuruga

Jani likichomwa tanurini kwa nyuzi 500 hubaki majivu. Majivu yakiyeyushwa na kutiwa azomethini-H, maji hugeuka manjano, na kadiri manjano inavyokolea ndivyo boroni ilivyo nyingi. Kipimo hiki cha zamani bado kinatumika, mradi vyombo viwe vya plastiki: glasi nyingi za maabara zimetiwa boroni ili zistahimili joto, nazo huichafua sampuli.

Lakini moto haubagui. Boroni iliyoelea ndani ya seli, iliyofungwa ukutani na iliyosafiri pamoja na sukari, zote hutoka zikiwa tarakimu moja. Ndiyo maana tangu mwaka 1923, Katherine Warington alipoonyesha kule Rothamsted, Uingereza, kwamba maharage mapana hayakui bila boroni, ilipita miaka zaidi ya 70 kabla ya kujulikana inashika nini hasa.

Kikwazo kingine kilikuwa asidi. Vifungo vya boroni hufunguka asidi ikizidi, hivyo anayesaga mzizi kwa asidi hupima alichokivunja mwenyewe. Watafiti wa Kyoto, Japani, walioshughulika na mizizi ya figili, walitumia vimeng'enya vinavyokata pektini ya ukuta wa seli taratibu. Kilichopatikana kikapitishwa kwenye safu ya chembe zenye vitundu, ambamo molekuli kubwa hutangulia kutoka na ndogo huchelewa. Mwaka 1996 umbo likafahamika: minyororo miwili ya ramnogalakturonani-II, sehemu ya pektini hiyo, kila mmoja wenye uzito wa karibu 5,000, imefungwa pamoja na atomi moja ya boroni.

Uthibitisho wake unapendeza. Ukitia asidi hafifu, molekuli ya 10,000 hutoweka na ya 5,000 hujitokeza, boroni ikiachwa peke yake. Asidi ileile iliyokuwa ikiharibu ushahidi ndiyo inayoutoa.

Baadaye safu hiyo iliunganishwa na spektromita ya masi yenye mwali wa plazima, inayohesabu atomi za boroni kadiri molekuli zinavyotoka. Hata mvinyo mwekundu umepimwa hivyo, na molekuli hiyo ya minyororo miwili, iliyotoka kwenye zabibu, ikakutwa humo ikiwa nzima, tena imeng'ang'ania madini ya risasi.

Boroni inayosafiri ilihitaji ujanja mwingine. Asilia, takriban 20% ya atomi zake zina uzito wa 10 na 80% zina 11. Kwa hiyo kila molekuli yenye atomi moja ya boroni huchora vilele viwili jirani, kidogo kikiwa robo ya kikubwa. Kwa alama hiyo, mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliitambua boroni ndani ya utomvu wa seleri, imekumbatiwa na manitoli mbili. Katika nekta ya majani ya mpichi ilishikwa na sorbitoli na fruktosi.

Mti wa jozi hauna msafara huo. Jani lake kuukuu laweza kujaa boroni ilhali ncha ya tawi inakufa kwa kuikosa, hivyo anayetafuta upungufu huchuma ncha changa.