Vaksini ya Stanleyville na Chanzo cha Sida: Juu ya Kitabu cha Edward Hooper

Kitabu tunachotaka kukipima leo si kipya. Kilitoka mwaka 1999 katika lugha ya Kiingereza, jina lake The River, maana yake Mto. Mwandishi wake, Edward Hooper, ni mtu wa magazeti ya habari aliyepata kufanya kazi Afrika ya mashariki. Kina kurasa zaidi ya 1.000. Tungeweza kukiacha kilale katika rafu, maana jibu lake limekwisha kupatikana. Lakini neno lake linasikika bado katika mitaa yetu, pengine kwa watu wasiojua hata kwamba kitabu hicho kipo: «Sida ilitoka katika vaksini ya Wazungu.» Siku za kuchanja watoto, wanaoulizwa kwanza ni wakatekista, si wanganga. Basi inafaa tujue neno hilo lilitoka wapi, na kwa nini wakubwa wa elimu walikawia hivi kulijibu.

Habari yenyewe ni hii. Kati ya mwaka 1957 na 1960 munganga Hilary Koprowski, mzaliwa wa Polandi aliyehamia Marekani na kuwa mkubwa wa Wistar Institute kule Philadelphia, alijaribu vaksini yake ya polio katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Vaksini hiyo, jina lake CHAT, haikupigwa kwa sindano, ilitiwa kinywani. Tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa nne wa mwaka 1958 watu zaidi ya 200.000 waliipata katika bonde la Ruzizi. Baadaye watoto wa Léopoldville nao waliipata. Karibu na Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kwenye mto Lindi, kulikuwa kambi walimofungwa masokomutu mamia, ili wanganga wajaribu vaksini juu yao. Hayo si masingizio. Wanganga wenyewe waliyaandika siku zile. Hooper anaongeza neno moja ambalo wao hawakuliandika: kwamba mafigo ya masokomutu yalitumiwa kuoteshea vaksini, kwamba virusi vya nyama wale viliingia humo, na ndani ya watu vikageuka kuwa Sida.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Kabla yake Louis Pascal, mtu wa New York asiye na kiti katika universite yoyote, aliandika neno lile lile mwishoni mwa miaka ya 1980. Alituma maandiko yake kwa Nature, akakataliwa. Akatuma kwa The Lancet, akakataliwa. Journal of Medical Ethics, gazeti la Waingereza linalochungua haki na wajibu katika kazi ya uganga, lilikataa kwa sababu maandiko yalikuwa marefu mno, maneno 19.000. Mwisho Brian Martin, mwalimu wa universite ya Wollongong katika Australia, aliyapiga chapa mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1991. Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: mwaka 1992 mhariri wa gazeti lile la haki na wajibu aliandika mwenyewe habari za maandiko aliyoyakataa, akiwauliza wasomaji wake kama ingalifaa ayachape!

Mwaka huo huo neno likatoka nje kwa mlango mwingine. Rolling Stone, gazeti la Marekani linalojulikana zaidi kwa habari za muziki, lilichapa maandiko ya Tom Curtis juu ya vaksini ya Kongo. Koprowski akawashitaki, na mwaka 1993 gazeti likatoa maelezo ya kusafisha jina lake. Science ilikuwa imekwisha kuchapa barua ya Koprowski ya kujitetea. Lakini mwaka 1994 William Hamilton wa Oxford, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya viumbe wa wakati wake, alipoiandikia Science hiyo hiyo kuomba kwamba neno la Curtis lipimwe, barua yake ilikataliwa. Hapo hatuwezi tena kusema kwamba magazeti yalimkataa mtu asiyejulikana. Hamilton alijulikana kabisa.

Je, oni la Pascal lilikuwa upuzi wa kutupwa bila kusomwa? Hapana. Mwaka 1960 Sweet na Hilleman walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba virusi vya nyani, vinavyoitwa SV40, viliingia katika vaksini za polio kwa njia ya mafigo ya nyani, na watu mamilioni walikuwa wamezipata. Kwa hiyo njia iliyotajwa na Pascal iliwezekana. Tena damu ya kale kuliko zote iliyopatikana na virusi vya Sida ilitolewa Léopoldville mwaka 1959, yaani mahali penye vaksini na wakati wa vaksini. Mwenye akili anayeona mambo mawili yanakutana hivi ana haki ya kuuliza. Hana haki ya kusema kwamba amethibitisha.

Tufike sasa penye kiini, na ndipo ninapoona kosa la wakubwa. Mwaka 1992 Wistar Institute iliita kamati ya mabingwa. Kamati ilihukumu kwamba oni hilo ni gumu sana kusadikika, na mojawapo ya nguzo zake ilikuwa baharia wa Manchester aliyekufa mwaka 1959. Wanganga walikuwa wamesema kwamba alikuwa na virusi vya Sida. Na kwa kuwa aliugua kabla vaksini haijaenea Kongo, vaksini haikuwa chanzo. Hoja safi. Lakini mwaka 1995 ilionekana kwamba virusi vile vilikuwa vya siku hizi, vilichanganyika na vipande vya mwili wake bila shaka katika laboratwari. Nguzo ikaanguka. Hukumu ilikuwa ya kweli, sababu yake moja ilikuwa ya uongo. Wanafunzi wa filozofia wanajua jambo hilo: mtu anaweza kufika penye konklusio nzuri kwa silojismo mbovu, na mpinzani wake akiona ubovu anafikiri kwamba konklusio nayo imeoza.

Kamati hiyo hiyo ilishauri vaksini iliyobaki ipimwe. Vichupa vilikuwapo, katika barafu ya Wistar. Havikupimwa mpaka mwaka 2000, baada ya kitabu cha Hooper kupiga kelele. Miaka minane! Na kazi yenyewe, ilipoanza, haikudai hata mwaka mzima. Magazeti yalijitetea kwamba hayawezi kuchapa kila wazo linaloletwa mlangoni, na hilo ni kweli, maana yangejaa takataka. Lakini kukataa si kujibu. Pascal hakupewa mahali pa kusema, wala hakupewa jibu lenye sababu, alipewa kimya. Na kimya, kwa watu ambao wazazi wao walifunguliwa vinywa mwaka 1958 bila kuulizwa kitu, kinasikika kama kukiri.

Majibu yalikuja mfululizo. Mwezi wa tisa wa mwaka 2000 Royal Society ya London iliwakutanisha wote, Hooper na Koprowski pia, wakasikilizana siku mbili. Matokeo ya kupima vichupa yalionyesha kwamba vaksini ile iliota katika mafigo ya nyani wa Asia. Alama ya sokomutu haikuonekana, wala virusi vya Sida. Bette Korber na wenzake walihesabu kwamba babu wa virusi vya Sida vilivyoenea duniani aliishi karibu na mwaka 1931. Mwaka 2008 Michael Worobey, kwa msaada wa kipande cha mwili kilichotunzwa Kinshasa tangu 1960, aliirudisha tarehe hiyo nyuma zaidi, kati ya mwaka 1884 na 1924. Wakati huo Koprowski alikuwa bado mtoto, au hajazaliwa. Na mwaka 2006 ilijulikana kwamba masokomutu wenye virusi vinavyofanana zaidi na vya watu wanakaa kusini-mashariki ya Kameruni, mbali sana na Kisangani.

Habari ya Worobey inastahili kusimuliwa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2000 alifuatana na Hamilton hadi Kisangani, wakati wa vita, kuokota mavi na mkojo wa masokomutu msituni ili wapime oni la vaksini. Hamilton alishikwa na malaria, akarudi Uingereza, akafa tarehe 7 ya mwezi wa tatu. Mwenzake aliendelea na kazi. Mwaka 2004 akaandika katika Nature kwamba virusi vya masokomutu wa Kisangani si jamaa ya karibu ya virusi vya Sida. Walikwenda kupima neno ambalo mmoja wao alilitetea sana, na kipimo kikalikanusha. Sijui tendo la elimu lililo zuri kuliko hilo.

Hooper je? Utafutaji wake mpaka mwaka 1999 ni wa kusifiwa. Alisafiri, aliuliza wazee, alifungua mafaili yaliyosahauliwa. Mambo ya kambi ya Lindi hatungeyajua vizuri bila yeye. Ubaya unaanza baadaye. Vichupa vilipokuwa safi, alisema kwamba vaksini nyingine ilitengenezwa palepale Stanleyville, na hiyo haikupimwa. Tarehe zilipomkataa, alisema hesabu za tarehe si za kuaminiwa. Kila mlango ukifungwa anatafuta dirisha. Oni lisiloweza kukanushwa na kitu chochote si oni la elimu tena, hata likiwa na kurasa 1.000.

Na madeni yanalipwa na wengine. Mwaka 2003 wakubwa wa Kano, kaskazini ya Nijeria, walisimamisha vaksini ya polio karibu mwaka mmoja; kati ya uvumi uliotembea mlikuwamo kwamba ina virusi vya Sida. Polio ikatoka huko ikaingia nchi nyingine ambazo zilikuwa zimeifukuza. Watoto waliolemaa hawakusoma Hooper wala Nature.

Anayejua Kiingereza asome utangulizi wa kitabu, ulioandikwa na Hamilton mwenyewe, na sura zinazohusu Lindi na Ruzizi. Nyingine anaweza kuziruka bila hasara. Kisha asome maandiko ya Worobey ya mwaka 2004. Ni mafupi sana, ukurasa mmoja unayatosha.