Nepal: Kinu Kilitangulia, Taa Ikafuata

Mwaka 1911 kituo cha kufua umeme cha Pharping, kusini mwa Kathmandu, kiliwashwa kikiwa na uwezo wa kilowati 500. Nepal wakati huo haikuwa hata na barabara ya gari kutoka mpaka wa India hadi mji mkuu wake, kwa hiyo kupata umeme wa maji mapema kiasi hicho lilikuwa jambo kubwa. Lakini umeme ule uliishia kwenye kasri za ukoo wa Rana uliokuwa ukitawala, na miaka sabini baadaye vijiji vingi vya milimani vilikuwa bado vinawasha vibatari. Tukio hili linavuruga maelezo tuliyoyazoea, kwamba milima ilikosa umeme kwa sababu teknolojia ilikuwa mbali. Maji yalikuwepo, mteremko ulikuwepo, na ujuzi wa kufua umeme ulikuwa umeshaingia nchini. Kilichokosekana kijijini ni kazi ya mchana ambayo ingezungusha mtambo na kuulipia. Umeme ulianza kusambaa kwenye vilima vya Nepal pale mafundi walipoacha kufikiria taa kwanza, wakafikiria nafaka.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita 50 za maji kwa sekunde zikiporomoka kimo cha mita 80, hata ukikata nusu nzima kwa ajili ya msuguano wa bomba na upotevu wa mtambo na jenereta, zinakubakizia kama kilowati 20. Vijito vya namna hiyo vimejaa kwenye vilima vya kati vya Nepal, na wenyeji walikuwa wakivitumia kwa karne nyingi kuzungusha vinu vya mawe viitwavyo ghatta, vyenye gurudumu la mbao. Ghatta husaga polepole na haikoboi mpunga, kwa hiyo kukoboa na kukamua mafuta kulibaki mikononi na miguuni mwa wanawake, saa kwa saa. Hapo ndipo karakana mbili zilipoona soko. Moja ni Balaju Yantra Shala ya Kathmandu, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa msaada wa Uswisi. Nyingine ilikuwa Butwal, penye chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1963 na mhandisi mmishonari kutoka Norwei, Odd Hoftun. Katika miaka ya 1970 karakana hizi zilianza kuuza mashine za kusaga, kukoboa na kukamua, zinazovutwa kwa mkanda moja kwa moja kutoka kwenye turbini, bila waya hata mmoja. Mwenye mashine alikopa kwenye Benki ya Maendeleo ya Kilimo, akarejesha kwa ujira wa nafaka alizosaga.

Turbini waliyoichagua inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafanikio imo ndani yake. Ilibuniwa na Anthony Michell wa Australia mwaka 1903, kisha Donát Bánki wa Hungaria akaiendeleza. Ina umbo la pipa lililolala: diski mbili za chuma, na katikati yake mapanga marefu yaliyopinda. Maji huingia kama utepe mpana, yakapiga mapanga ya upande mmoja, yakapita katikati ya pipa, kisha yakapiga mapanga ya upande wa pili yakitoka. Kwa ufanisi wa juu kabisa inazidiwa na turbini za Francis na Pelton. Ubora wake ni kwamba mapanga yanaweza kukatwa kutoka kwenye bomba la chuma la kawaida na kuchomelewa, bila tanuru la kuyeyushia chuma wala mashine za kuchonga za bei kubwa, na kwamba ufanisi wake haushuki sana maji yanapopungua kiangazi. Panga likivunjika, fundi wa kuchomelea wa mji ulio karibu analirudisha. Kwa mtambo unaofikishwa kijijini mgongoni mwa wapagazi kwa mwendo wa siku kadhaa, sifa hiyo ina thamani kuliko asilimia kumi za ufanisi.

Taa zilikuja kwa mkanda wa pili. Mwenye mashine alifunga jenereta ndogo kwenye puli ileile, jioni akaachilia kinu na kuzungusha jenereta, akawasha nyumba za jirani. Mfereji, bomba na turbini vilikuwa vimeshagharimiwa na mahindi na mpunga. Umeme ulibeba gharama ya jenereta, nyaya na nguzo tu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliondoa sharti la leseni kwa mitambo isiyozidi kilowati 100, ikaanza pia kutoa ruzuku kwa vifaa vya umeme, nusu ya gharama na zaidi kwa maeneo ya mbali. Sheria ya Umeme ya mwaka 1992 ilipandisha kikomo hicho hadi kilowati 1,000. Tuulinganishe mwendo huu na vituo vidogo ambavyo serikali yenyewe ilivijenga kwenye makao makuu ya wilaya za milimani miaka ya 1970 na 1980. Vile vilikuwa vikubwa zaidi, vilitumia vifaa kutoka nje na viliendeshwa na watumishi wa mishahara, lakini wateja wao walihitaji taa za saa chache za jioni, na mchana maji yalipita bure. Mapato hayakutosha kuviendesha. Mto ni uleule na mlima ni uleule; tofauti ni mzigo wa kazi uliokuwa ukiusubiri umeme.

Kulikuwa na kikwazo cha kiufundi ambacho kingeweza kuua kila kitu. Nyumba kumi zikizima taa kwa pamoja, mtambo mdogo unapoteza mzigo, unazunguka kasi kupita kiasi, volti inapanda na balbu za waliobaki zinaungua. Vituo vikubwa huzuia hali hiyo kwa kifaa kinachofungua na kufunga maji kadiri mahitaji yanavyobadilika, lakini kifaa hicho kiliweza kugharimu kuliko turbini yenyewe. Suluhisho lililoshika Nepal liligeuza swali. Waliacha maji yaende kwa kiwango kilekile muda wote, wakaweka kidhibiti cha kielektroniki kinachosoma mabadiliko ya mzunguko au volti na kumwaga umeme wa ziada kwenye koili za kupashia joto. Mtu akizima taa ya wati 40, koili zinameza wati 40, na mtambo hauhisi chochote. Ni upotevu, lakini maji yale yangeteremka mlimani vilevile. Kwa vijito vidogo zaidi, Akkal Man Nakarmi wa Kathmandu alitengeneza seti inayoitwa peltric, gurudumu dogo la Pelton lililofungwa moja kwa moja kwenye jenereta, la kilowati chache, ambalo mpagazi mmoja hulibeba.

Busara hiyohiyo iliongoza namna ya kulipisha. Kwenye kituo kisicho na bwawa, uniti ambazo hazikutumika saa nane usiku haziwezi kuwekwa akiba. Kinachoadimika ni wati za saa moja jioni. Kwa hiyo miradi mingi haikufunga mita, iliuza wati. Kaya ilinunua haki ya kutumia, tuseme, wati 25, 50 au 250, ikafungiwa kikata umeme kinachoachia ikizidisha, ikalipa kiasi kimoja kila mwezi. Mradi wa Andhikhola, kituo cha megawati 5.1 kilichokamilika mwaka 1991 chini ya Kampuni ya Umeme ya Butwal, ulitumia utaratibu huu kuwafikia wakulima maskini. Kutokana na utaratibu huu Nepal ilitengeneza pia sufuria za umeme za wati chache, zinazochemsha maji taratibu saa ambazo umeme haugombaniwi.

Wapo watakaosema hoja yangu inafuta kazi kubwa iliyofanywa kwa ajili ya taa peke yake. Kituo cha Kuendeleza Nishati Mbadala kilianzishwa mwaka 1996, na mwaka huohuo ulianza mpango wa nishati vijijini uliosaidiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Chini ya mpango huo vikundi vya wanaume na vya wanawake viliweka akiba, vilichimba mfereji kwa nguvu zao, na umeme ukawa wa kijiji kizima. Ni kweli, na ninakubali zaidi ya hapo: mwenye kinu binafsi aliwasha nyumba zilizo karibu na waya wake, hakuwa na sababu ya kupeleka nguzo kwa mjane aliye juu kabisa ya kilima. Haki hiyo ililetwa na vikundi na ruzuku. Lakini turbini, vidhibiti na mafundi wa miradi hiyo walitoka kwenye karakana zilizoishi kwa miaka ishirini kwa kuuza mashine za kusaga, na ugonjwa ulioisumbua miradi mingi ya kijamii ni uleule wa zamani, matumizi hafifu ya mchana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wati 100 kwa kaya ni umeme wa kimaskini, na kwamba fedha zingeelekezwa kwenye gridi. Kwa mashine ya kuchomelea au jiko la kupikia, wati 100 hazitoshi kabisa, sibishi. Ila gridi ya Nepal yenyewe, hadi karibu na mwaka 2017, ilikuwa na mgao uliozidi saa kumi kwa siku katika miezi ya kiangazi. Kijiji kilichosubiri gridi kilisubiri foleni isiyo na mwisho. Kosa la Nepal ni jingine: haikupanga mapema mitambo midogo ingefanywa nini gridi ikifika. Nguzo za taifa zilipoingia kijijini, wateja walihama na mitambo mingi ikaachwa ikiwa mizima. Njia ilionekana kwa kuchelewa. Huko Baglung mitambo sita midogo iliunganishwa kuwa gridi moja ya kilowati 107, na mwaka 2018 mtambo wa Syaurebhumi, wilaya ya Nuwakot, wenye kilowati 23, ulianza kuuza umeme kwenye gridi ya taifa.

Somo hilo linaihusu Tanzania pia. Yenyewe ilikuwa na kanuni za wazalishaji wadogo tangu mwaka 2008, zinazomruhusu mwenye mtambo mdogo kuliuzia shirika la umeme, TANESCO, kabla mtambo wa Syaurebhumi haujaunganishwa na gridi. Kwa hiyo wanaopanga miradi ya vijito vya Njombe, Ludewa na Mufindi wana nafasi nzuri kuliko wenzao wa Himalaya. Wasianze na idadi ya balbu. Waorodheshe kwanza mashine zitakazozunguka saa nne asubuhi na jina la atakayezilipia, na mkataba wa kuunganishwa na gridi usainiwe kabla bomba la kwanza halijapandishwa mlimani.