Grace Ogot, Mwandishi wa Ziwa

Mkazi wa Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mwenye ndugu ng'ambo huko Tarime, Rorya au Musoma anaijua nusu ya riwaya ya Mkenya Grace Ogot, The Promised Land, kabla hajaifungua. Ochola na Nyapol, waliooana juzijuzi huko Seme, wanasikia sifa za mashamba mapana ya Tanganyika. Nyapol hataki kuhama. Mumewe anashikilia, wanavuka Ziwa Victoria, wanalima, maghala yanajaa. Kisha jirani mmoja, mzee mwenye kijicho na anayeogopwa kwa uchawi, anaanza kuwatupia jicho.

Kitabu hicho kilitoka Nairobi mwaka 1966, mwaka uleule Flora Nwapa wa Nigeria alipotoa Efuru. Nwapa anatajwa kila wanapohesabiwa waanzilishi. Ogot hutajwa kwa hadithi fupi moja, basi.

Ni hasara kubwa, hasa kwa wapenzi wa simulizi za maji, hata wale waliozoea za vita. Wengi wao huanza na C. S. Forester na The African Queen ya 1935, ambamo boti kuukuu inateremka mtoni kwenda kuizamisha meli ya Wajerumani katika ziwa la kubuni. Ni kazi ya fundi, haina ubishi. Lakini wanakijiji wanaswagwa na jeshi la Wajerumani katika kurasa za mwanzo, na baada ya hapo ziwa linabaki uwanja wa wageni. Ziwa la Ogot lina wenyewe. Lina deni, lina miiko, lina watu wanaolingojea ng'ambo.

Ufundi wake unaonekana vizuri katika hadithi hiyohiyo moja inayotajwa, The Rain Came. Oganda, binti wa mtemi Labong'o, anapelekwa ziwani akaliwe na zimwi ili mvua inyeshe. Zimwi halionekani hata mara moja! Hofu yote imewekwa katika mwendo wa msichana peke yake, katika nyimbo anazoimba njiani, katika furaha ya kijiji kinachomsindikiza bila kumwonea haya. Mwandishi mwingine angetuchorea meno na magamba.

Ujasiri huohuo umo katika riwaya. Ngozi ya Ochola inaota vinundu kama miiba, na hospitali inashindwa; mganga ndiye anayemponya. Ogot alisomea uuguzi Uganda, akaendelea na ukunga Uingereza. Angeweza kumpa daktari ushindi wa bure. Hakumpa. Wala hakumpigia debe mganga, kwa kuwa kupona kwa Ochola kunakuja na sharti chungu: aondoke Tanganyika, aache karibu kila alichokichuma. Msomaji anabaki kuamua mwenyewe, na hapo ndipo Ogot anapowapita wengi.

Alifariki Machi 2015, akiwa na miaka 84. Aliandika pia kuhusu Rusinga, kisiwa alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya mwaka 1969, na aliandika vitabu kwa Kijaluo.

Walimu wa Migori na Homa Bay, wapeni wanafunzi The Promised Land, kisha mkusanyo wa hadithi fupi, Land Without Thunder. Na anayesoma Kijaluo aanze na Simbi Nyaima. Ziwa lenye jina hilo liko karibu na Kendu Bay, anaweza kwenda kuliona mwenyewe.