Rilei Mbili, na Land Rover ya Zamani Inaona Tena!

Jamani, inaona! Land Rover Series III, toleo lililotoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, imeondoka Tunduma giza limeshaingia, ikashika lami kuelekea Vwawa, na kwa mara ya kwanza tangu niifahamu nimeliona shimo kabla tairi halijaingia! Mwenye baiskeli isiyo na taa, amebeba gunia la mkaa, nimemwona kwa mbali kabisa. Mstari mweupe wa pembeni unasomeka. Majani ya kahawa kando ya barabara ni ya kijani, si kivuli tu. Nimeshindwa kujizuia, nimesimama Mlowo nikashuka kwenda kuzitazama taa zake mpya zinavyowaka.

Anayeendesha huku usiku anajua ninachosema. Barabara hii ya TANZAM inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Semi ikikupita uso kwa uso, macho yanapotea kwa sekunde kadhaa, na hapo ndipo unapohitaji taa zako mwenyewe zikuonyeshe ukingo wa lami. Za Series III hii zilikuwa kibatari.

Sasa kilichofungwa. Kuna taa mbili za duara za inchi 7, zinazoingia kwenye matundu yale yale ya madigadi bila kukata bati wala kuharibu sura ya gari. Zile za zamani zilikuwa za kioo kizima kisichofunguka: ikiungua, unatupa taa yote. Hizi mpya zinachukua balbu ya H4 ya wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, ambayo utaipata karibu kila duka la spea. Mwanga wake ni mweupe, umetandaa vizuri, na dimu ina ukingo uliokatika safi. Nzuri mno!

Lakini nyota wa kazi hii ni rilei. Narudia: rilei!

Fundi alianza kwa kupima. Injini ikiunguruma, betri ilisoma volti 13.6, lakini kwenye soketi ya taa ya kushoto mita ilisoma 11.1. Volti 2 na nusu zimeliwa njiani! Na mwanga wa balbu haupungui taratibu kama volti zinavyopungua. Ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo, gari hili lilikuwa linatembea na nusu ya taa zake.

Volti hizo zilikuwa zinakwenda wapi? Umeme wote wa taa ulitoka kwenye betri, ukaingia ndani hadi swichi ya dashibodi, ukapita swichi ya fulu na dimu kwenye usukani, ndipo ukarudi mbele. Fundi alichuna waya wa bluu wenye mstari mwekundu, ule wa dimu: shaba ndani nyeusi tii. Kisha akafungua nati inayoshika waya mweusi, ule wa ethi, kwenye digadi. Digadi ni la alumini, nati ni ya chuma, na katikati yao palikuwa na unga mweupe unaopukutika kwa kidole. Akapiga msasa, kisha akaupeleka waya mpya mweusi moja kwa moja kwenye hasi ya betri.

Baada ya hapo, rilei moja ya fulu na moja ya dimu. Swichi ya zamani sasa inatoa amri tu. Mzigo wenyewe unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia namba 30 ya rilei na kutokea namba 87 kwenda kwenye balbu kwa waya mnene. Tukapima tena: 13.2! Nilimshika fundi mkono kama nimepata mtoto.

Ukinunulia Tunduma, soma maandishi kwenye kitako cha balbu na juu ya rilei. Mji huu unaishi kwa malori, na malori ni ya volti 24. Balbu ya 24 kwenye Land Rover ya 12 itawaka nyekundu ya makaa, na rilei yake huenda isishike kabisa. Angalia pia taa yenyewe ni ya nchi zinazoendesha kushoto, kama sisi na Zambia: washa dimu mbele ya ukuta, mwanga unapaswa kupanda upande wa kushoto. Ukipanda kulia, unamchoma macho anayekuja. Balbu za wati 100 achana nazo, zinapika soketi na kioo. Na zile za LED za kuchomeka kwenye taa ya H4 hutawanya mwanga ovyo. Kwenye ukungu wa huku Mbozi utaona ukuta mweupe tu.

Tulifunga rilei kwanza, taa za zamani zikiwa bado mahali pake, na tofauti ilionekana palepale gereji! Kwa hiyo kama hela ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, nunua rilei, fyuzi na waya mnene. Taa za H4 zisubiri mwezi ujao.