Fundi wa Majina wa Dallas

Kazi ilianza kwa mkasi. Nilipofika chumbani kwa dada huyu, fundi wa majina, mtaani Dallas, hapa mjini Embu, asubuhi ya Julai yenye manyunyu, nilidhani nitamkuta ameinamia kompyuta. Laptopu ilikuwa imefungwa, imewekwa juu ya kabati. Yeye alikuwa mezani akikata karatasi za manila vipande vidogo kama karata, akivipanga mafungu mafungu. Kando yake palikuwa na madaftari ya baba yake, aliyelinda misitu ya upande huu wa Mlima Kenya hadi alipostaafu. Katika kila ukurasa mzee aliandika jina la mti kwa Kiembu, Kimbeere au Kimeru, kisha jina la Kilatini, mahali alipouona, na tarehe.

"Nikifungua mashine kwanza, mwalimu, nitaanza kuandika kabla sijajua ninachoandika," aliniambia. "Karatasi hainiharakishi."

Anatengeneza hifadhidata ya majina ya viumbe. Yaani anaunda majedwali yatakayotunza majina yaliyomo katika madaftari hayo pamoja na mabadiliko yote yaliyoyapata tangu yaandikwe. Kikundi cha wenye vitalu vya miche ndicho kilichomwomba. Mmoja wao hutafuta mbegu kwa jina la kitabu cha zamani, mwenzake kwa jina aliloliona kwenye intaneti, na wote wawili wanataka mti uleule. Nilipoelezwa niliona ni kazi ya alasiri moja. Nilikaa naye siku nne.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya muiri, mti ambao gome lake husafirishwa ng'ambo kutengenezewa dawa ya tezi dume. Daftari liliuita Pygeum africanum, jina lililotolewa na Joseph Dalton Hooker katika karne ya 19. Mwaka 1965 mtaalamu Mholanzi, Kalkman, aliuhamishia kwenye jenasi nyingine, ukawa Prunus africana. Dada huyu aliandika majina yote mawili, kila moja kwenye kadi yake, pamoja na watunzi wake kama wataalamu waandikavyo. Kwenye kadi ya pili jina la Hooker lilikaa ndani ya mabano na la Kalkman nje. Mabano hayo ni heshima iliyotiwa kwenye tahajia: aliyetangulia kuupa mti jina hasahauliwi hata mti ukihama. Hooker mwenyewe huandikwa Hook.f., na ile herufi ndogo ya mwisho maana yake ni "mwana", kwa sababu baba yake naye alikuwa mtaalamu wa mimea.

Kisha akanionyesha jambo ambalo nisingeliona. Jina la kwanza linaishia na -um, la pili na -a. Kivumishi cha Kilatini hufuata nomino yake, kama sisi tusemavyo mti mrefu lakini nyumba ndefu. Fundi asiyejua hilo angeiagiza mashine ichukue neno la zamani na kulibandika kwenye jenasi mpya, akapata Prunus africanum, jina ambalo halipo. Kwa hiyo kila jina alilihifadhi kamili jinsi lilivyochapishwa, kisha akachora mshale kutoka jina jipya kwenda jina la msingi lililolizaa.

Hilo likawa jedwali lake la kwanza, Majina. Safu zake zilikuwa chache: jenasi, kivumishi, cheo, mtunzi, mwaka, chapisho, jina la msingi. Safu moja iliyobaki ilinishangaza. Aliiita Kanuni, na ndani yake huandikwa kama jina linatawaliwa na kanuni za mimea au za wanyama. Nilimwuliza ina faida gani. Alijibu kwa neno moja: Prunella. Ni mmea mdogo wa familia ya mnaana, na ni ndege pia. Kanuni mbili hazisikilizani, kwa hiyo jenasi ya mmea na jenasi ya mnyama zaweza kuchangia jina bila kosa la mtu yeyote.

Na mwanzoni mwa kila mstari aliweka namba. Namba tupu, isiyo na maana yoyote. Majedwali mengine yote yatashika namba hiyo, hayatashika jina lenyewe, maana jina laweza kusahihishwa herufi, na jina likiwa ndilo ufunguo, herufi moja ikiguswa kila kilichofungwa nalo kinafunguka.

Siku ya pili alichana kazi ya siku nzima. Alikuwa ameongeza kwenye jedwali la Majina safu iliyoitwa Jina Sahihi: kila jina la zamani linaonyesha lililo sahihi leo, basi. Ndivyo wengi wafanyavyo, na kwa muiri ilifanya kazi vizuri kabisa. Lakini yeye ana desturi ya kuujaribu mchoro wake kwa kiumbe kigumu kuliko wale anaowahitaji. Akamchukua twiga.

Kwa miaka mingi twiga wote walihesabiwa spishi moja, Giraffa camelopardalis. Mnamo Agosti 2025 wataalamu wa twiga wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, walitangaza kwamba wanawatambua kuwa spishi nne: wa kaskazini, wa kusini, wa Kimasai, na yule mwenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, ambaye ndiye aliyeko katika Mbuga ya Taifa ya Meru. Jina Giraffa camelopardalis halikufa. Limebaki na twiga wa kaskazini peke yake. Sasa fikiria rekodi ya miaka thelathini iliyopita isemayo kwamba Giraffa camelopardalis alionekana Meru. Ukiisoma kwa maana ya leo, umemweka Meru twiga asiyekuwako. Jina ni lilelile, herufi kwa herufi, na hakuna safu ya Jina Sahihi iwezayo kukuonya.

Alilitazama jedwali lake kwa muda. Hakusonya, hakulalamika. Alichana karatasi vipande vinne, akavitia kwenye kikapu, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi alichora duara kubwa. "Hili ni boma," alisema. "Jina ni kibao tu cha langoni." Boma ni ile mipaka ambayo mtaalamu fulani ameizungusha: huyu yumo, yule hayumo. Kibao chaweza kubadilishwa na boma likabaki vilevile. Boma laweza kugawanywa na kibao kikabaki kwenye kipande kimoja. Kwa hiyo vinahitaji majedwali mawili.

Na mifano ya yote mawili alikuwa nayo. Katika daftari la safari za Mbeere, mzee aliandika mugaa, Acacia tortilis. Mwaka 2005, kwenye kongamano la wataalamu wa mimea huko Vienna, iliamuliwa kwamba jina Acacia libaki na kundi la Australia, lenye spishi zipatazo elfu moja, na uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Miti yetu ikagawanywa, mingi ikaenda Vachellia na Senegalia. Mugaa ukawa Vachellia tortilis. Bado linanichoma kidogo kwamba neno ambalo macho ya dunia huliona pamoja na nyika za Afrika limeondoka kwenye miti ya nyika za Afrika. Lakini hakuna mugaa hata mmoja uliosogea kule Mbeere. Boma ni lilelile, kibao kimebadilika. Kwa twiga kibao kilibaki na boma likapasuka. Muundo usioweza kutofautisha matukio hayo mawili utayachanganya, na hakuna atakayejua.

Jedwali la tatu ndilo lililonifanya nimheshimu zaidi. Aliliita Kauli. Kila mstari wake unasema: fulani, katika chapisho fulani, mwaka fulani, alisema kwamba jina hili ni la boma hili, au ni kisawe cha jina lile, au kwamba boma hili limegawanywa na kuwa haya. Hakuna safu ya "sahihi" popote. Kuna aliyesema, na lini.

Hili hakulitoa kichwani. Alilijifunzia Nairobi, katika hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa, ile iliyohamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Huko tawi lililokaushwa hushonwa au kugundishwa kwenye karatasi ngumu, na lebo ya aliyelichuma hubandikwa chini. Mtaalamu ajaye baadaye akiona jina halifai, haing'oi lebo. Hubandika kipande kipya kando yake, akaandika jina analoliona yeye, sahihi yake na mwaka. Karatasi nyingine zina vipande vitatu, vinne, vya vizazi tofauti, vikijadiliana kimya juu ya tawi moja. Kwa mikono kama hiyo ilijengwa ile kazi kubwa ya kueleza mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Jedwali la Kauli ni vile vipande vya karatasi vilivyotiwa kwenye mashine.

Siku ya tatu alilijaza, polepole, kadi baada ya kadi. Muuru wa Kimeru, Vitex keniensis, haukubadilika jina hata kidogo, ila familia ilibadilika: zamani Verbenaceae, sasa Lamiaceae. Alihakikisha kwamba familia inashikwa na kauli, haikuandikwa ndani ya jina. Akafika kwenye muthaiti wa msitu wa Irangi. Baba yake aliuandika Ocotea usambarensis, na hivyo ndivyo kila mtu aliyesomea misitu hapa anavyoujua. Mwaka 2020 Trofimov na Rohwer waliutoa humo wakauweka katika jenasi mpya, Kuloa, neno linalosikika karibu na mkulo, jina la mti huo upande wa Usambara. Hapa alisimama, kalamu ikiwa hewani, karibu dakika kumi. Aliiandika kauli mpya chini ya ile ya zamani, kisha kwenye karatasi ya kando akaandika kwamba kikundi cha vitalu kitaendelea kwa sasa kufuata Ocotea mpaka wanachama wenyewe waamue. Muundo wake unaruhusu hivyo: kauli zote zinatunzwa, na anayetumia huchagua atafuata ya nani.

Majina ya kienyeji nilidhani yatakuwa mepesi. Muguka wa Embu na miraa ya Meru kwa mtaalamu wa mimea ni kitu kimoja, Catha edulis. Mwambie hivyo mkulima wa Mbeere uone atakavyokutazama. Shamba lake ni tofauti, soko lake tofauti, jani tofauti kwa namna linavyochumwa na kuuzwa. Alizungusha maboma madogo mawili ndani ya boma kubwa, kila moja na jina lake, na kwa kila jina la kienyeji akadai mambo manne: lugha, mahali, aliyelisema, siku aliyolisema. Pale ambapo baba yake hakuandika aliyemwambia, aliacha nafasi wazi. Hakukisia hata mara moja.

Asubuhi ya nne ndipo laptopu iliposhushwa kabatini. Kuandika majedwali yenyewe hakukuchukua hata saa mbili, kwani kila swali lilikuwa limekwisha jibiwa kwenye manila. Aliiuliza mashine: kwa kauli zilizokuwapo mwaka 1960, muiri uliitwaje? Ikajibu Pygeum africanum. Akabadilisha mwaka ukawa 1970. Ikajibu Prunus africana. Akauliza kwa jina lolote kati ya hayo mawili, ikaleta kurasa zilezile za daftari la mzee. Alitikisa kichwa kidogo, kama seremala anapofunga mlango mpya na kusikia umeingia.

Kadi ya mwisho ilikuwa ya kaiyaba, ule ua wa miiba unaozunguka maboma mengi ya huku. Mzee aliuandika Dovyalis caffra. Neno hilo la pili linatokana na tusi walilotupiwa watu weusi kusini mwa bara hili, na Julai 2024, kwenye kongamano la Madrid, wataalamu wa mimea walipiga kura kwamba majina ya namna hiyo, zaidi ya 200, yaandikwe affra. Aliongeza tahajia mpya na kauli ya Madrid. Kwa kuwa ufunguo ni namba tupu, hakuna kilichofunguka. Tahajia ya zamani imebaki kwenye kumbukumbu ili ukurasa wa baba yake uweze kupatikana, lakini kibao cha kitalu kitaandikwa Dovyalis affra.

Ikiwa nyumbani kwako kuna daftari la miti la mzazi wako, lihifadhi mahali pakavu. Na kama mzee mwenyewe bado yupo, keti naye umwulize jina la kila mti, alilisikia kwa nani, wapi, na mwaka gani, uandike kama atakavyokuambia.